Taa za chini ya makabati ya jikoni bila waya kuonekana

Wengi wakishanunua stripu za LED (ule utepe wa vitaa vidogo) wanakimbilia kubandika, taa zinawaka fresh kabisa halafu waya unaning'inia ukutani mpaka kwenye soketi kama kamba ya kuanikia nguo. Sasa hapo umefanya nini? Anza na njia ya waya, taa utabandika mwishoni.

Kwanza amua transfoma, kile kiboksi kinachopunguza umeme wa soketi uwe volti 12 au 24 za stripu, itakaa wapi. Mimi napenda ikae juu ya makabati kama kuna nafasi kati ya kabati na dari, haionekani na inapata hewa, maana transfoma inapata joto na ukiifungia kwenye kijisanduku isipumue haidumu. Kama makabati yamefika mpaka darini, iweke ndani ya kabati lililo karibu na soketi, juu kabisa ya rafu. Kutoka hapo waya unashuka kwenye kona ya nyuma ndani ya kabati, unatoboa sakafu ya kabati kwa drili (milimita 8 inatosha) na kutokea chini kule kule nyuma. Kwenda kabati la jirani toboa ubavu, ila fungua milango yote kwanza uone bawaba na vishikio vya rafu viko wapi, na pima unene wa mbao usije ukatokeza msumari wa klipu ya waya upande wa pili. Mstari ukikatishwa na dirisha au jiko, usipitishe waya ukutani, upandishe juu ya makabati uvuke huko halafu ushuke tena. Na juu ya jiko penyewe usiweke taa kabisa, joto na mvuke vitaimaliza.

Mahesabu ni madogo tu. Stripu ya wati 10 kwa mita, ukiwa na mita 3 ni wati 30, ongeza kama asilimia 20 inakuwa 36, kwa hiyo chukua transfoma ya wati 40 au zaidi. Volti za stripu na za transfoma lazima zifanane, 12 kwa 12, 24 kwa 24, ukiipa stripu ya 12 volti 24 unaiunguza. Kama mstari ni mrefu chukua ya 24, ya 12 ikipita mita 5 hivi inaanza kufifia mwishoni. Rangi ya mwanga (inapimwa kwa K) ni wewe tu, 3000K ni ya njano njano, 4000K ni nyeupe na kwa kukatakata vitu naiona bora.

Stripu ikae mbele, nyuma ya ule ukingo wa kabati, sio kule ukutani, ukiiweka nyuma inamulika vigae halafu kaunta unapokatia inabaki na kivuli. Nunua na profaili ya alumini (kimfereji cha kuweka stripu ndani) yenye kifuniko cheupe cha ukungu, hasa kama kaunta yako inang'aa, la sivyo utaona vidoti vya taa vimejipanga kwenye kaunta na vinakera sana. Kata kwenye alama tu, ile yenye vidoti vya shaba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Solda inashika kuliko vile viklipu vya plastiki.

WASHA KABLA YA KUBANDIKA. Ikiwaka yote sawa, futa mafuta chini ya kabati kwa spiriti, acha pakauke, funga profaili kwa skrubu fupi (zile zisizotoboa mpaka ndani) halafu bandika stripu ndani yake. Waya wa nyuma ubane kwa klipu ili usilegee. Karibu na sinki tumia stripu ya IP65, yaani iliyokingwa na maji yanayorukia.

Upande wa umeme mkubwa, yaani soketi mpya au swichi ya ukutani, zima meinswichi na umwite fundi umeme, huko sio kwa kujaribia. Na pale kwenye transfoma acha waya wa ziada kidogo, mara nyingi yenyewe ndiyo inakufa kabla ya taa, utaibadilisha bila kufumua kitu.