Kando ya Msitu: Namna ya Kujikinga na Virusi Vinavyoenezwa na Mbu wa Mchana

Watu wengi wanaoishi pembezoni mwa misitu ya Afrika Mashariki hulala ndani ya chandarua kila usiku na kuamini kuwa wamemaliza kazi. Chandarua humzuia mbu wa malaria. Lakini homa ya manjano, chikungunya na zika huenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ambao huuma mchana na zaidi kuelekea machweo, wakati watu wangali shambani au uani.

Jambo la kwanza ni kuelewa njia ambayo virusi hupita kutoka msituni. Utafiti uliofanyika Bwamba, magharibi mwa Uganda, katika miaka ya 1940 ulionyesha kuwa virusi vya homa ya manjano huzunguka kati ya tumbili na mbu wa juu ya miti. Tumbili wanaposhuka kuiba ndizi, huumwa na mbu wa aina nyingine wanaozaliana kwenye migomba yenyewe, na mbu hao ndio wanaomuuma mkulima. Usingoje kuona mizoga ndipo ushtuke, kwani tumbili wa Afrika kwa kawaida hubeba virusi hivi bila kuugua.

Ukitaka kuhakikisha, asubuhi baada ya mvua livute kidogo jani la mgomba pale linaposhikana na shina: utakuta maji yasiyojaza hata kikombe cha kahawa, na ndani yake huenda ukaona viluwiluwi vikijikunjakunja. Magimbi na mananasi hushika maji vivyo hivyo. Hakuna atakayekushauri ung'oe chakula chako, ila mimea hii ipandwe mbali na mlango, na anayekwenda kukata ndizi avae mikono mirefu na suruali, hata kama jua ni kali.

Uani, tenga siku moja kila wiki ya kumwaga maji yote yaliyotuama, kwa sababu yai huchukua takriban wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu. Kumwaga peke yake hakutoshi. Mbu huyu hubandika mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo pipa na mtungi visuguliwe kwa brashi kabla ya kujazwa tena na kufunikwa. Matairi, makopo na vifuu viondolewe. Mianzi ya uzio ikatwe kwenye fundo lenyewe ili isibaki kikombe cha kukinga mvua, na mashimo ya miti iliyo karibu na nyumba yajazwe mchanga.

Chanjo ya homa ya manjano ni sindano moja, hutolewa kuanzia umri wa miezi 9, na kinga yake hudumu maisha yote, ingawa huhitaji takriban siku 10 kujengeka. Mjamzito, au mtu mwenye mzio wa mayai au kinga dhaifu, amweleze mhudumu kabla ya kuchomwa. Sindano hiyo haizuii chikungunya wala zika, hivyo usuguaji wa mapipa uendelee.

Homa ikipanda, nenda zahanati upimwe malaria, na useme wazi kwamba unaishi karibu na msitu au uliingia humo kutafuta kuni. Kipimo kikionyesha huna malaria, usinunue dawa ya malaria kwa kubahatisha. Tumia parasetamoli, uepuke aspirini na diklofenaki mpaka daktari aseme, maana huweza kuzidisha kutoka damu. Homa ya manjano ina hila yake: mgonjwa hupata nafuu kwa siku moja hivi, kisha wachache huzidiwa ghafla, macho yakawa ya manjano na matapishi yakawa meusi. Huyo apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Katika siku tano za mwanzo mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, kwa sababu mbu atakayemuuma wakati huo ataweza kuwaambukiza wengine nyumbani.