Vile unaeza kumfanya mbunge wako aongee kuhusu vita vya Sudan

Watu wengi hapa Nairobi wakiona video za El Fasher, ule mji wa Darfur magharibi mwa Sudan, wanaumia roho, wanasambaza, wanaandika "inauma sana", halafu mambo yanaishia hapo. Si ati hawajali. Ni vile mtu anajiuliza, mimi niko Kasarani ama Kibra, nitafanya nini kuhusu vita viko Darfur? Jibu ni kwamba uko na mbunge, na huyo mbunge ako na nguvu fulani kwa hii maneno, si nyingi vile watu hudhani lakini zipo, shida ni hakuna mtu humwendea akamwambia azitumie. Kwa hivo nimeandika hii kwa yeyote anataka kuanza wiki hii, hata kama hujawahi kukanyaga ofisi ya mheshimiwa maisha yako yote.

Kabla uende, jua mambo yenyewe vizuri, juu ukibabaika kwa tarehe utapuuzwa. Vita vilianza 15 Aprili 2023 pale Khartoum, kati ya jeshi la serikali la Jenerali Burhan na RSF, kile kikosi cha wapiganaji cha Hemedti. Zaidi ya watu milioni 12 wamelazimika kutoroka makwao. Agosti 2024 njaa ikathibitishwa rasmi Zamzam, kambi ya watu waliotoroka vita karibu na El Fasher, na Oktoba 2025 RSF wakaiteka El Fasher baada ya kuizingira karibu mwaka mmoja na nusu, watu ndani wanakula chakula cha mifugo. Hayo mbunge wako pengine ameyasikia kwa habari. Chenye pengine hajakalia chini akafikiria ni vile Kenya yenyewe imeingia kwa hii hadithi. Februari 2025 RSF na vikundi vinavyowaunga mkono walikutana KICC, lile jumba la mikutano hapa tu mjini, na mwisho wa mkutano wakatia saini hapa Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao. Serikali yetu ikasema inatoa tu nafasi ya mazungumzo. Sudan ikamwita balozi wake arudi nyumbani, na mwezi wa tatu ikapiga marufuku bidhaa kutoka Kenya, na kati ya hizo bidhaa kuna chai, na Sudan ilikuwa mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai yetu. Kwa hivo akikwambia hayo ni mambo ya Wasudan wenyewe, uko na jibu, tena jibu lenye linagusa mfuko wa mkulima wa Kericho.

Na umkumbushe kitu kingine, kwa upole. Ile vita ndefu ya kaskazini na kusini mwa Sudan iliisha kwa mkataba uliotiwa saini hapa Nairobi, uwanja wa Nyayo, 9 Januari 2005, baada ya mazungumzo marefu ya Naivasha chini ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo. Pande zote mbili zilikubali kuketi kwetu juu ziliamini hatuegemei mtu. Mimi naona hiyo imani ndo kitu cha maana zaidi Kenya imewahi kuwa nayo kwa hii kanda, na ndo tunataka irudi.

Sasa unaenda kwa nani? Ukiwa umejiandikisha kupiga kura Nairobi uko na watu watatu, si mmoja. Kuna mbunge wa eneo bunge lako (Nairobi iko na maeneo bunge 17), kuna mwakilishi wa wanawake wa kaunti, wote wawili wanakaa Bunge la Kitaifa, halafu kuna seneta. MCA (mwakilishi wa wadi) mwache kwa hii, yeye ni wa mambo ya kaunti, ingawa anaeza kukusaidia kufikia mbunge kama wanaelewana. Wasee wengi husahau mwakilishi wa wanawake kabisa, na kwa vita vyenye wanawake wanabakwa hivi, huyo anafaa kuwa wa kwanza kuandikiwa.

Halafu, na hapa ndo watu wengi huanguka, usiende kumwambia "tunataka vita viishe". Atakubaliana na wewe, atasikitika, mtapiga picha pamoja na mtaenda nyumbani. Mbunge hawezi kumwamuru Burhan wala Hemedti. Kile anaeza ni hiki: kuuliza swali rasmi na waziri aje ajibu Bungeni, kuomba taarifa kutoka kwa kamati ya ulinzi, ujasusi na mashauri ya kigeni, kuleta hoja ijadiliwe na kupigiwa kura, kuwasilisha petisheni yenu. Katiba pia inasema wanajeshi wetu hawatumwi nje kwa operesheni za amani bila idhini ya Bunge, kwa hivo siku yoyote serikali ikitaka kutuma mtu huko lazima ipitie kwao. Chagua kimoja kati ya hivyo na umwombe hicho tu. Ukimpelekea orodha ya mambo kumi atachukua lile rahisi, lile la kutoa pole, na aseme amefanya.

Barua iwe ukurasa mmoja. Kiswahili ni sawa kabisa, ni lugha ya Bunge. Weka majina yenu, wadi, namba ya simu ya mtu mmoja, halafu ombi liwe wazi hivi:

"Mheshimiwa, sisi ni wapiga kura wa wadi hii. Tunakuomba umuulize Waziri wa Mashauri ya Kigeni Bungeni: moja, serikali ilifuata sera gani kuruhusu mkutano wa Februari 2025 pale KICC, na je, bado inakaribisha upande wowote unaopigana? Mbili, Kenya inachukua hatua gani kuhakikisha hakuna silaha zinapitia kwetu kwenda Darfur, ikizingatiwa vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya tangu 2004? Tutashukuru kujua kabla ya mwisho wa mwezi kama utauliza."

Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Na kwa barua usichukue upande. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wamelaumu jeshi na RSF wote kwa uhalifu wa kivita, ukianza kutetea mmoja utajibiwa na watu wa yule mwingine na yale ya raia yatapotelea hapo katikati.

Ofisi ya mbunge mtaani mara nyingi iko karibu na ya CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge), uliza mtu yeyote wa boda atakuonyesha. Bunge likiwa linakaa vikao huwa Jumanne mchana, Jumatano na Alhamisi mchana, kwa hivo ukitaka kumpata mwenyewe mtaani jaribu Jumatatu ama Ijumaa. Nendeni wachache, watu wanne ama watano, wa aina tofauti: mzee wa mtaa, mama wa chama, kijana, mtu wa kanisa na mtu wa msikiti. Kamukunji ukiongeza mfanyabiashara wa Eastleigh utasikizwa haraka zaidi. Yule ana biashara ya chai, hata duka dogo tu, mwende naye.

Mkifika mtapata PA (msaidizi wake) ama karani, mheshimiwa mwenyewe hatakuwa. Inaenda hivi.

"Habari ya asubuhi madam. Sisi ni wakaazi wa hapa, tumeleta barua ya mheshimiwa."

"Mheshimiwa hayuko, iacheni tu hapo."

"Hakuna shida madam. Tunaomba tu utugongee muhuri kwa nakala yetu, na tarehe."

Simama hapo mpaka mugongewe muhuri. Printi nakala mbili saiba kabla uende, moja inabaki kwao na moja yenye muhuri unaenda nayo. Barua bila muhuri ni kama haikuwahi kufika, mwezi ujao utaambiwa hawajaiona na hutakuwa na la kusema. Na huyo PA mheshimu sana, mjue jina, mpigie simu baada ya wiki na umuulize amefikia wapi bila kumpigia kelele, juu yeye ndo anaamua karatasi gani inafika kwa meza ya mkubwa na gani inabaki kwa droo.

Kama wiki tatu zimepita na hakuna kitu, hapo sasa ingia kwa petisheni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka petisheni Bungeni, na kuna sheria yake ya 2012 yenye inaeleza utaratibu. Wengi hukataliwa si kwa sababu ya wanachosema bali kwa makosa madogo ya karatasi, kwa hivo soma hapa pole pole. Inapelekwa kwa Karani wa Bunge. Lugha iwe ya heshima, hata kama una hasira, na hasira tuko nayo. Hakuna kufuta na kuandika juu. Lazima useme kama umejaribu kwanza kupeleka hii maneno kwa ofisi inayohusika na kama hukupata jibu la kuridhisha, kwa hivo mapema kabisa, siku ileile mnapeleka barua kwa mbunge, pelekeni ingine kwa Wizara ya Mashauri ya Kigeni pale Harambee Avenue na mugongewe muhuri pia. Hiyo ya wizara ukiiandika kama ombi la habari chini ya sheria ya 2016 wako na siku 21 za kukujibu, na wakikataa kwa sababu ya usalama wa taifa, hata hilo ni jibu la kutaja kwa petisheni. Lazima pia useme kama hiyo kesi iko kortini ama haiko. Halafu mwisho kabisa, mnaomba Bunge lifanye nini haswa.

Sahihi ni hivi: jina kamili, anwani, namba ya kitambulisho, sahihi ama kidole. Zikizidi ukurasa mmoja, kila ukurasa uandikwe juu petisheni inahusu nini, usiwape watu karatasi tupu yenye mistari wasaini, hizo zitatupwa na mtakuwa mmewachosha watu bure. Zile linki za kusaini kwa simu ni nzuri ya kuonyesha watu wako wengi lakini Karani anataka karatasi. Na usipige picha ya hizo karatasi ukaweka kwa WhatsApp grup, kuna namba za vitambulisho za watu hapo.

Hapa niseme kitu kuhusu majirani wetu Wasudan. Katiba imesema kila mtu, haikusema raia peke yake, kwa hivo hata mkimbizi anaeza kusaini. Lakini usimsukume. Kuna wenye wako na ndugu bado Nyala ama Omdurman na jina likionekana mahali linaeza kuleta shida huko nyumbani, na kuna wenye karatasi zao hapa hazijakamilika. Muulize kando, si mbele ya watu, na akisema hapana mwambie asante na usiulize sababu. Kuna njia zingine anaeza kusaidia, kama kuwaeleza nyinyi kwanza mambo yalivyo kabla muende kwa mbunge, na mkipata nafasi mbele ya kamati, pendekezeni waitwe wale wanawake na vijana Wasudan waliokuwa wakipika jikoni za mitaa vita vikiendelea, badala ya kusikiza tu wajumbe wa wenye bunduki.

Mkitaka kuipeleka mkiwa wengi na mabango, hayo sasa ni maandamano na sheria inataka umwarifu OCS (mkuu wa kituo cha polisi) kwa maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Ni notisi, si ruhusa, kifungu cha 37 kimeshawapa haki. Lakini kwa maoni yangu mara ya kwanza pelekeni watu wachache tu kimya kimya, karatasi ipokewe vizuri, mabango yaje baadaye kama mmepuuzwa.

Karani ako na siku 7 kuangalia kama karatasi iko sawa. Ikisomwa Bungeni inaenda kwa kamati, na kamati imewekewa siku za kuwajibu kwa ripoti, uliza ofisi ya Karani ni ngapi. Hizo siku andika kwa kalenda. Zikipita, andikia kamati barua fupi ukitaja tarehe ilisomwa na uulize ripoti iko wapi, nakala umpe mbunge wako na muhuri tena. Vikao vya kamati ni vya wazi kwa wananchi isipokuwa pale wametoa sababu ya kufunga, kwa hivo nendeni mkae hapo nyuma hata kama hamtaongea, wabunge huongea tofauti wakiona watu wa kwao wameketi.

Hansadi, ile rekodi ya yote yanayosemwa Bungeni, nayo huwekwa kwa tovuti ya Bunge. Tafuta jina la mbunge wako na neno Sudan. Akiwa ameongea, mtumie PA wake huo ukurasa na umwambie asante, tena uweke kwa grup ya mtaa watu waone, juu akijua ameonekana ataongea tena. Akiwa hajaongea, tuma ile nakala yenye muhuri na umuulize ni lini, na uendelee kuuliza, uchaguzi wa 2027 si mbali na yeye anaijua hiyo tarehe kukushinda.