Viganja vya Jasho na Viganja Vikavu: Kuandaa Mikono kwa Mazingaombwe ya Karata na Sarafu

Ukifanya mazingaombwe ya mezani, mtazamaji akiwa amekaa hatua moja tu kutoka kwako, ngozi ya mkono wako ndiyo kifaa cha kwanza. Kiganja kikilowa, karata mbili hugandana na kutoka pamoja wakati ulitaka moja. Kikikauka, sarafu uliyoibana kiganjani huteleza na kuanguka sakafuni, na ukumbi mzima unaisikia. Wengi wanaoanza hudhani kasoro iko kwenye mbinu, wakarudia zoezi lilelile usiku kucha, kumbe vidole viko sawa na ngozi ndiyo haijaandaliwa.

Ngozi yenye unyevu kidogo hushika vizuri kuliko ngozi kavu kabisa, kwa sababu unyevu huilainisha ikakaa vyema juu ya kitu inachokigusa. Unyevu ukizidi ukawa utando wa maji, mshiko unaharibika. Kwa hiyo mwenye jasho na mwenye ukavu wanatafuta hali moja, kila mmoja akitokea upande wake. Poda, ambayo karibu kila mtu atakushauri upake, inafaa kwa mmoja na inamharibia kabisa mwingine. Usianze kupaka chochote kabla hujajua mkono wako ukoje.

Hatua ya 1: Pima mkono wako

Nawa kwa sabuni, jifute vizuri, kisha kaa kama nusu saa bila kupaka kitu. Bonyeza ncha ya kidole cha shahada kwenye kioo safi na uiondoe. Ukiona ukungu unaochukua muda kupotea, una jasho. Usipoona karibu kitu, una ukavu. Halafu chukua karata zako, shika kama unayetaka kugawa, na usukume ile ya juu kwa kidole gumba. Ikitoka moja kwa mguso mwepesi, uko pazuri. Zikifuatana mbili tatu, ngozi inanata. Kidole kikipita juu bila kuvuta kitu, ngozi imekauka.

Rudia kipimo hicho ukiwa na wasiwasi. Mwambie rafiki akutazame huku ukihesabu kurudi nyuma kutoka 300 kwa kutoa saba saba, kisha bonyeza kioo tena. Hiki ndicho kipimo chenye maana zaidi, kwa sababu jasho la viganja huongozwa na hisia kuliko joto. Mtu anaweza kukaa juani Temeke mchana mzima viganja vikiwa vikavu, akaingia ukumbini wenye kiyoyozi na vikalowa mara tu mshereheshaji anapotaja jina lake.

Usishangae ukikuta una yote mawili: kiganja kinachotoka jasho na ncha za vidole zilizokauka. Viganja vina tezi nyingi za jasho lakini havina tezi za mafuta, tofauti na uso au kichwa. Mafuta yaliyopo kwenye vidole vyako umeyatoa sehemu nyingine ya mwili au kwenye chupa. Anayenawa mara nyingi, anayefua kwa sabuni ya unga, au anayetawadha mara tano kwa siku bila kupaka kitu baadaye, hupata ncha kavu hata kama ni mtu wa jasho.

Hatua ya 2: Usiku wa kuamkia kazi, kwa mwenye jasho

Kazi ya kuzuia jasho hufanyika usiku. Tafuta dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini. Soma lebo, kwa sababu manukato mengi ya kwapa huondoa harufu tu na hayazuii jasho. Aluminium chloride ndiyo inayotumika sana kwa viganja, na baadhi ya maduka ya dawa huwa nayo. Ipake utando mwembamba kwenye ngozi kavu kabisa kabla ya kulala, kisha inawe asubuhi. Usiku tezi zimetulia, na chumvi hiyo hupata nafasi ya kuziba milango yake. Ukiipaka kwenye ngozi yenye unyevu itakuwasha, na ukiipaka dakika tano kabla ya onyesho haitakusaidia kitu.

Fanya hivyo usiku kadhaa mfululizo hadi uone tofauti, halafu punguza iwe mara moja au mbili kwa wiki. Usipake penye mchubuko. Ngozi ikianza kupasuka, simama kwanza, maana utakuwa umeliondoa tatizo moja na kuliita jingine.

Kama jasho linadondoka hata ukiwa umetulia nyumbani, au karatasi inalowa unapoandika, hilo ni suala la daktari wa ngozi na lina tiba. Kuna ya kuweka mikono kwenye maji yanayopitishiwa umeme hafifu (haimfai mjamzito wala mwenye kifaa cha moyo mwilini), kuna sindano, na kuna vidonge. Tanzania wataalamu wa ngozi wapo. KCMC Moshi ina kituo cha kanda kinachowafundisha. Nasema hivi kwa sababu nimeona vijana wenye vipaji wakiacha sarafu kabisa, wakiamini mikono yao ina laana.

Hatua ya 3: Usiku wa kuamkia kazi, kwa mwenye ukavu

Nawa kwa maji ya vuguvugu, jifute hadi ibaki nusu mbichi, kisha paka glisarini iliyochanganywa na maji. Sehemu moja ya glisarini kwa mbili au tatu za maji inatosha. Ikiwa nzito inanata tu. Juu yake paka mafuta ya mgando kidogo ili kuzuia maji yasitoroke, vaa soksi safi za pamba mikononi, ulale. Kwa watu wa Njombe, Makete au Arusha wakati wa kipupwe, na kwa Nairobi ya mwezi Julai, hili ni jambo la kila usiku.

Angalia pia kingo za kucha. Kipande kidogo cha ngozi kilichosimama kitakwaruza ukingo wa karata kila unapoipitisha, na sauti yake inasikika. Kikate, usiking'oe. Sugu zisugue taratibu kwa jiwe la miguu, ngozi ikiwa imelowa.

Siku ya kazi achana na mafuta ya nazi na mafuta ya mgando. Yanapenya kwenye karatasi, yanaacha madoa, na ndani ya muda mfupi karata zako zina alama ambazo mgeni mwenye macho makali atazitambua. Tumia losheni ya maji yenye glisarini, saa mbili tatu kabla, iingie yote.

Hatua ya 4: Saa ya mwisho kabla ya kuanza

Mwenye jasho afike mapema. Mtu anayeshuka kwenye bodaboda na kuingia moja kwa moja ukumbini ameshapoteza nusu saa ya mwanzo. Epuka kahawa na pilipili kabla ya kazi. Pitisha maji baridi kwenye vifundo vya mikono, jifute hadi katikati ya vidole, na tumia kitakasa mikono mara moja: spiriti yake huondoa jasho na uchafu kwa muda. Mwenye ukavu asiiguse kabisa, maana itamnyang'anya hata kile kidogo alichonacho. Kama sheria za mahali zinamlazimu, apake losheni papo hapo.

Kuhusu poda: ile ya mtoto hupunguza mshiko, kwa hiyo kwa sarafu ni hasara, na kwenye suti nyeusi inaonekana. Ile poda ya zinki steareti ambayo wataalamu hupaka karata ili zitandazike vizuri ni ya karata, usiipake mikononi. Chaki ya wapanda milima hukausha kweli, lakini huacha weupe kwenye kila unachogusa.

Mwenye ncha kavu ajifunze kwa makarani wa benki. Wanapohesabu noti huwa na kisahani chenye sponji iliyoloweshwa. Weka kipande kidogo cha sponji kwenye kikopo cha bati ndani ya mfuko, kikiwa na maji na tone la glisarini, ukiguse kwa kidole gumba na cha shahada unapotoa kitu kingine. Ukikosa, gusa pembeni mwa pua kana kwamba unafikiri. Hapo kuna mafuta kidogo ya asili yanayotosha mchezo mmoja. Usilambe kidole. Watu wanakula, na karata hiyohiyo utampa mtu aishike.

Hatua ya 5: Kukausha mikono mbele ya watu bila kuonekana

Hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi, kwa sababu dawa zote zikishindwa hii inabaki.

Usijifute kwenye suruali. Mtazamaji anaposoma wasiwasi mikononi mwako, anaanza kutafuta kosa. Badala yake, panga michezo yako ili kila baada ya dakika chache mkono uwe na sababu ya kuingia mfukoni au kushika kitambaa. Toa kalamu ili mgeni aandike jina kwenye karata, kisha rudisha kalamu. Toa sarafu, irudishe, toa nyingine. Ndani ya mfuko shona kipande cha taulo upande unaogusana na kiganja. Mfuko wa koti unafaa, na mifuko ya pembeni ya kanzu inafaa zaidi kwa sababu mkono unaingia wote bila kupinda. Sekunde moja na nusu, mkono umekauka, na kwa mtazamaji umetoa kalamu tu.

Leso ya mfukoni ni bora zaidi. Chagua angalau mchezo mmoja wa kupotezea sarafu ndani ya leso, uuweke katikati ya onyesho, pale ambapo jasho huwa limefika. Unapoikunjua, kuionyesha pande zote mbili na kuipitisha katikati ya vidole, unajifuta mikono yote miwili mbele ya watu mia, na wote wanaangalia kama leso ina tundu. Iwe ya pamba. Ya nailoni haifyonzi kitu.

Na mpe mgeni kazi. Mchezo wa kwanza uwe ule ambao karata ziko mikononi mwake: yeye anachanga, yeye anakata, yeye anachagua. Mikono yako inapumzika katika dakika ambazo huwa inalowa kuliko zote, na ukishasikia kicheko cha kwanza mwili wenyewe unatulia.

Hatua ya 6: Linganisha vifaa na mkono

Karata za karatasi hunyonya unyevu. Dar, Mombasa au Unguja wakati wa masika huvimba, hupinda na kuacha kuteleza hata kama mikono yako ni mizuri. Nenda na pakiti zaidi ya moja, ufungue mpya baada ya meza kadhaa, na uzihifadhi kwenye kopo lenye vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chagua zenye vishimo vidogo usoni, kama za chapa ya Bicycle, kwa sababu vishimo hivyo hushikilia hewa kati ya karata na karata. Karata za plastiki hazijali jasho na zinafutika, lakini ni telezi. Mwenye ukavu atazimwaga. Yeye atumie za karatasi zilizokwisha kuchezewa kidogo.

Kwa sarafu, angalia ukingo. Wenye mistari hushikwa na nyama ya kiganja vizuri kuliko ulio laini. Nusu dola ya Marekani inayopendwa na wengi ina kipenyo cha milimita 30.6, sarafu yetu ya shilingi 500 ni ndogo kidogo na inawakaa vizuri wenye mikono ya kawaida, tena mgeni anaitambua mara moja. Zioshe kwa sabuni kabla ya kazi. Jasho likichanganyika na uchafu wa sarafu huacha harufu ya chuma mkononi.

Hatua ya 7: Rekebisha mbinu

Kuibana sarafu katikati ya kiganja kunategemea mgandamizo wa misuli miwili pamoja na ngozi inayoshika. Mwenye ukavu aanze na kuifichia kwenye mizizi ya vidole vilivyokunjwa kidogo, ambako inakaa kwa uzito wake. Mwenye jasho asisukume karata mbili kwa kidole gumba ili zionekane moja. Azitenganishe na pakiti kwa kuinua kona ya nyuma kwa kidole cha mwisho, mapema, akiwa anaongea.

Richard Pitchford wa Wales, aliyejulikana jukwaani kama Cardini, alifanya mazoezi ya karata kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amevaa glavu kwa sababu ya baridi, na baadaye glavu zikawa sehemu ya onyesho lake. Mkono wa glavu hauna unyevu wa kutegemea. Unabaki na pembe, mgandamizo na muda. Jaribu wewe pia: siku moja vaa glavu nyembamba za pamba, siku nyingine shika kikombe cha chai ya moto hadi viganja vilowe, siku nyingine fanya mara tu baada ya kunawa. Mbinu inayoanguka katika hali mojawapo isiingie kwenye onyesho bado.

Kazi ikiisha, nawa, paka losheni hata kama wewe ni mtu wa jasho, futa sarafu kwa kitambaa kikavu, na uzitandaze karata zipate hewa kabla ya kuzirudisha kwenye kopo. Pakiti iliyofungwa ikiwa na unyevu utaikuta kesho imepinda.