Kokotoa mwenyewe umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili

Kazi yangu ni kupanga safari za watu, na swali la kwanza siku zote ni "ni masaa mangapi?" Kabla hujakata tiketi unaweza kujipatia jibu kwa kikokotoo cha simu. Nitatumia London na New York.

Hatua ya 1: Weka rula pembeni. Ramani bapa hudanganya, na kadiri unavyoisogelea ncha ya dunia ndivyo inavyozidi kudanganya. Vuta uzi juu ya tufe kutoka mji hadi mji. Ukiihamishia njia hiyo kwenye ramani ya ukutani itapinda kuelekea kaskazini, lakini hiyo iliyopinda ndiyo fupi.

Hatua ya 2: Tafuta umbali. London iko latitudo 51.5 kaskazini, longitudo 0.1 magharibi. New York ni 40.7 kaskazini, 74.0 magharibi. Tofauti ya longitudo ni 73.9. Hakikisha kikokotoo kiko kwenye digrii, kisha:

sin 51.5 × sin 40.7 = 0.510
cos 51.5 × cos 40.7 × cos 73.9 = 0.131

Jumla ni 0.641. Bonyeza cos⁻¹, utapata digrii 50.1. Kila digrii ni kilomita 111.2, yaani maili 60 za baharini wanazotumia marubani. Zidisha: kama kilomita 5,570.

Mji ulio kusini mwa ikweta, latitudo yake iandike kwa alama ya kutoa. Ukisahau, kikokotoo kitauhamishia kaskazini bila kukuuliza.

Hatua ya 3: Geuza kuwa muda. Ndege kubwa za masafa marefu hukata anga kwa karibu kilomita 900 kwa saa. 5,570 ÷ 900 = 6.19. Hiyo si masaa 6 na dakika 19! Zidisha 0.19 kwa 60, ni dakika 11. Ongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kushuka, ambako mwendo ni mdogo: masaa 6 na dakika 41.

Hatua ya 4: Upepo. Hapa ndipo wengi hukosea. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali uendao mashariki. Tuseme una kasi ya kilomita 100 kwa saa. Kwenda New York unakupiga usoni, mwendo unabaki 800: masaa 7 na dakika 28. Kurudi unakusukuma mgongoni, unapata 1,000: masaa 6 na dakika 4. Umbali ni uleule, ila tofauti inakaribia saa moja na nusu. Majira ya baridi mkondo huo huzidi nguvu.

Hatua ya 5: Ardhini na saa za ukutani. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka langoni hadi inapoegeshwa, kwa hiyo ongeza tena kama nusu saa. Kwenda New York ni karibu masaa 8. Ukiondoka London 12:00, utafika 20:00 kwa saa za London. Toa 5, ni 15:00 New York, yaani saa tisa alasiri. Kuna majuma machache mwezi Machi, na moja hivi vuli, ambapo tofauti huwa 4, kwa sababu nchi hizo hazibadilishi saa siku moja.

Na mimi huandika "masaa", hata wahariri wakinuna. Niliwahi kumwandikia abiria "safari ni saa nane", naye akawaambia wenyeji wake wampokee saa nane mchana.