Namna ya Kuzitambua na Kuzithamini Senti Kongwe za Marekani

Si ajabu, mtu anapofungua bweta la marehemu bibi yake katika nyumba ya Mji Mkongwe au ya Chake Chake, kukuta sarafu za shaba za nchi mbalimbali zimechanganyika, na miongoni mwao senti moja ya Marekani, ambayo Wamarekani wenyewe huiita peni. Kabla ya kuiuza kwa bei ya kwanza utakayotajiwa, inafaa uijue vyema, kwa sababu thamani yake haitokani na ukongwe peke yake. Mwaka, herufi ndogo ya kiwanda na hali ya sarafu ndivyo vinavyoamua.

Kwanza itenge na nyingine. Pesa ya Sayyid Barghash ina maandishi ya Kiarabu, picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Senti ndogo za Afrika Mashariki za enzi ya Waingereza aghalabu zina tundu katikati, na peni ya zamani ya Uingereza ni pana na ina kichwa cha mfalme au malkia. Senti ya Marekani imeandikwa ONE CENT, na zile zilizoanza kutumika mwaka 1857 zina upana wa milimita 19 tu. Zilizotangulia, za kuanzia 1793, ni pana zaidi, kiasi cha milimita 27 hadi 29. Muuzaji akikuambia kwamba senti pana kama hiyo ililetwa hapa na merikebu za Salem, mji wa bandari wa Marekani, baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, usimwongezee bei kwa ajili ya hadithi hiyo, kwani biashara ya zama zile ilitegemea zaidi riale ya fedha ya Maria Theresa.

Picha itakuonyesha kipindi. Tai anayeruka ni wa 1857 na 1858. Kichwa chenye kilemba cha manyoya ya ndege ni cha 1859 hadi 1909. Na Abraham Lincoln alianza mwaka huo huo wa 1909. Nyuma ya Lincoln huwa pana masuke mawili ya ngano hadi 1958, kisha jengo la kumbukumbu yake kuanzia 1959 hadi 2008.

Baada ya hapo tafuta herufi, ambayo kwa senti za Lincoln iko chini ya mwaka. D ni kiwanda cha Denver, S ni cha San Francisco, na za zamani zisizo na herufi kwa kawaida zilifuliwa Philadelphia. Herufi hii ni ndogo mno, kwa hiyo azima kioo cha jicho cha fundi saa badala ya kubahatisha. Tofauti inayoletwa nayo ni kubwa: mwaka 1944 Philadelphia ilifua zaidi ya senti bilioni 1.4, na kwa hiyo senti hiyo ikiwa imechakaa haifikii hata dola moja, ilhali senti ya 1909 yenye S, na nyuma yake chini kabisa herufi V.D.B. za msanii Victor David Brenner, ilifuliwa 484,000 tu, na hata iliyolika huuzwa kwa mamia ya dola. Nyingine za kuangaliwa kwa makini ni ya 1877 yenye kilemba cha manyoya, ya 1914 yenye D na ya 1931 yenye S.

Senti ya 1943 inahitaji maelezo yake. Kwa sababu ya vita, shaba ilihifadhiwa kwa ajili ya silaha, na Marekani ikafua zaidi ya senti bilioni moja za chuma zilizopakwa zinki, zenye rangi ya kijivu. Hizo ni za kawaida. Chache mno zilifuliwa kimakosa kwa shaba, na moja iliuzwa mwaka 2019 kwa zaidi ya dola 200,000, jambo lililowavuta matapeli wakazipaka shaba zile za chuma, au wakaichonga 8 ya 1948 ionekane 3. Isogeze karibu na sumaku: ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ipeleke kwa sonara aipime kwenye mizani yake, kwani ya shaba huwa na uzito wa karibu gramu 3.1 na ya chuma karibu gramu 2.7, kisha ilinganishe tarakimu 3 na ile ya senti ya chuma ya mwaka huo huo. Mkia wake hushuka chini ya mstari wa tarakimu nyingine.

Kuhusu hali, angalia sehemu zilizoinuka, ambazo hulika kwanza: shavu na taya la Lincoln, mistari ya masuke, na neno LIBERTY kwenye utepe wa kilemba. Neno hilo likisomeka lote, bei hupanda sana.

Nakusihi usiisafishe. Desturi yetu ya kusugua madele na masinia kwa ukwaju, au kwa ndimu na jivu, hupendeza vyombo lakini huharibu sarafu. Asidi hula utando ambao shaba imejijengea kwa miaka mingi na kuacha wekundu mkali usiofanana na wa sarafu mpya, nalo jivu huacha mikwaruzo isiyofutika, ambayo mnunuzi mjuzi huiona mara tu anapoigeuza sarafu kwenye mwanga. Ishike kwa kingo, na kwa kuwa hewa yetu ina chumvi na unyevu vinavyoleta kutu ya kijani, iweke mahali pakavu, mbali na plastiki laini.

Unapokadiria bei, fuata bei ambazo sarafu za namna hiyo zimekwisha kuuzwa mnadani, wala si bei wanazotaja wauzaji. Kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huthibitisha uhalisi na kutoa daraja kutoka 1 hadi 70, lakini ada yao na gharama ya posta vina maana kwa sarafu adimu tu. Senti ya kawaida ya masuke itakugharimu zaidi ya itakavyokulipa.