Kulidai shirika la ndege ukiwa Dar: tarehe za kuwahi na karatasi za kushika

Kabla hujanieleza shirika gani limekukera na mhudumu gani alikujibu hovyo, nionyeshe tarehe. Hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila anayeingia dukani na malalamiko ya ndege. Nina stesheneri karibu na mahakama ya Kisutu: natoa kopi, nachapa barua, najaza fomu. Zamani nilikaa dawati la mizigo iliyopotea pale uwanja wa Julius Nyerere, kwa hiyo barua hizi nilizipokea kabla sijaanza kuziandika. Mimi si wakili. Ila nimeona madai mazuri kabisa yakifa mikononi mwa wenyewe kwa sababu tu siku zilipita.

Nianze na abiria, hasa mizigo, maana ndiyo inayoleta watu wengi.

Ukisafiri nje ya nchi, sheria inayokuhusu karibu kila mara ni Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Tanzania imo, na wenzetu tunaowaendea kwa biashara na matibabu, China, India, Uturuki, Falme za Kiarabu, nao wamo. Na kama tiketi yako ni ya kwenda na kurudi Dar, mkataba unakulinda hata kama nchi uliyokwenda haimo.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje. Ukishatoka, kurudi ndani ni shughuli, na mtu wa dawati atakuuliza kwa nini hukusema mapema. Nenda dawatini, toa kile kipande cha lebo walichokubandikia kwenye pasi ya kusafiria au bodingi pasi, na udai taarifa ya maandishi yenye namba. Namba hiyo huanza na herufi tatu za uwanja, DAR, kisha mbili za shirika, kisha tarakimu tano. Kagua jinsi walivyoandika rangi na aina ya begi, kwa sababu anayelitafuta huko Dubai au Addis Ababa anasoma hicho tu. Piga picha.

Watu wengi wakishapata karatasi hiyo hutulia wakidhani wameshalalamika. Usitegemee hivyo. Taarifa ya dawatini ni ya kutafuta begi. Dai la fedha liandikie barua yake. Begi lililofika limevunjika au limechanwa: siku 7 tangu ulipolipokea. Begi lililochelewa: siku 21 tangu lilipokabidhiwa kwako. Shehena iliyoharibika, yaani mzigo uliotumwa peke yake kwa ndege: siku 14. Zikipita hizo, mlango wa kushtaki umefungwa, isipokuwa uthibitishe kwamba shirika lilifanya udanganyifu. Begi lisipoonekana kabisa kwa siku 21 tangu siku lilipotakiwa kufika, una haki ya kulihesabu limepotea na kudai hivyo.

Barua yenyewe haihitaji maneno makubwa. Ninayowachapia watu iko hivi:

"Nilisafiri kutoka Guangzhou kwenda Dar es Salaam tarehe (…) kwa tiketi namba (…). Begi langu lenye lebo namba (…) halikufika pamoja nami. Nilikabidhiwa tarehe (…). Kwa kuchelewa huko nilitumia shilingi (…), kama risiti zilizoambatanishwa zinavyoonyesha. Nadai nirudishiwe kiasi hicho kwa mujibu wa Ibara ya 19 ya Mkataba wa Montreal. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14."

Basi. Kuna mama mmoja mfanyabiashara wa viatu Kariakoo alisimama nyuma ya kiti changu akisoma kwenye skrini, akasema, "Mwanangu, mbona hujaandika walivyonicheka pale kaunta?" Nikamwambia, "Hiyo hailipwi, mama." Hakufurahi, lakini ndivyo ilivyo: mkataba unafidia hasara uliyoipata na umefunga fidia za kumkomoa shirika. Kurasa mbili za dharau zinamsaidia tu msomaji wa upande wa pili asiione ile mistari mitano yenye fedha.

Risiti nazo ziwe risiti. Ukinunua shati na sabuni za dharura, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kikaratasi cha mkono kutoka kwa machinga nilikuwa nikikirudisha kila siku nilipokuwa upande wa shirika.

Uhesabu pia kikomo. Kwa mizigo ya abiria mmoja, iwe imepotea, imeharibika au imechelewa, tangu tarehe 28 Desemba 2024 shirika linawajibika hadi SDR 1,519. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na jumla hiyo ni kama dola 2,000 za Marekani. Hiyo ndiyo dari, wala hulipwi tu kwa kuwa begi limepotea. Unaonyesha kilichokuwemo na thamani yake. Mwenye sampuli za mamilioni anatakiwa kutamka thamani pale anapokabidhi mzigo na kulipia ziada ikidaiwa. Sijamwona mfanyabiashara wa Kariakoo anayefanya hivyo, na wote hushangaa baadaye.

Ukiwa umeunganisha ndege mbili, usikubali kuzungushwa kati ya mashirika. Kwa mizigo unaweza kumdai aliyekuchukua mwanzo, aliyekufikisha mwisho, au yule ambaye mzigo uliharibikia mikononi mwake. Mimi huandika barua moja, naipeleka kwa wa kwanza na wa mwisho.

Kuchelewa kwa ndege yenyewe kuna ugumu wake. Shirika linakwepa likithibitisha kwamba lilichukua hatua zote za busara au hazikuwezekana. Kwa hiyo ukiwa bado ukumbini piga picha ubao wa ndege ukionyesha saa, hifadhi ujumbe wa simu, na mwombe mtu wa kaunta aandike sababu. Sababu ya saa tatu usiku na ile ya wiki ijayo mara nyingi hazifanani. Safari za Ulaya zina faida ya pekee: Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya imeweka fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali. Inamhusu anayeondoka uwanja wa nchi ya Umoja huo kwa ndege yoyote, na anayetoka Dar kwenda huko kwa shirika la Umoja huo, kama KLM. Tangu uamuzi wa mwaka 2009 wa mahakama ya Umoja huo, kuchelewa kufika kwa saa tatu au zaidi nako kunalipwa, ila shirika husamehewa ikiwa tatizo lilikuwa nje ya uwezo wake.

Wasipojibu, usikimbilie Kisutu. Nenda kwanza Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, pale Banana, Ukonga, ukiwa na barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Pembeni yao lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo kazi yake ni kumsemea abiria. Safari za ndani, Mwanza, Mbeya, Bukoba, nazo zinapita hapo hapo. Kwa dai la laki tano njia hii ina akili kuliko wakili.

Ukilazimika kwenda mahakamani, shika mawili. La kwanza ni mahali. Mkataba unaruhusu kushtaki, pamoja na kwingine, mahali safari inapoishia. Tiketi ya kwenda na kurudi inaishia ilikoanzia, kwa hiyo ya Dar–Guangzhou–Dar inaishia Dar, na shirika haliwezi kukuambia ukashtaki kwao. La pili ni miaka 2 tangu siku ndege ilipofika au ilipotakiwa kufika. Haki yenyewe inakufa, na mazungumzo matamu ya barua pepe hayasimamishi saa. Shirika likiwa la serikali, toa kwenye hiyo miaka siku 90 za notisi, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe kwenye kesi. Marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria ya kuishtaki Serikali yaliyatia humo mashirika na kampuni za umma.

Majeruhi na waliofiwa, hao nawaelekeza kwa wakili hapo hapo. Nawaambia mambo machache tu. Msisaini karatasi inayosema mmemaliza madai yote kwa sababu ya fedha za mazishi. Teueni msimamizi wa mirathi mapema, maana bila yeye marehemu hana wa kumdaia. Na tafuteni tiketi nzima: abiria wawili wa ndege ya Dar–Mwanza wanaweza kukaa viti vya jirani, mmoja akawa chini ya Mkataba wa Montreal kwa sababu safari yake ilianzia London, mwingine akawa chini ya sheria za ndani tu.

Sasa wafanyakazi. Wahudumu wa ndani ya ndege, vijana wa kupakia mizigo, mabinti wa kaunta. Kwenu kalenda ni kali zaidi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho wa kushikilia kuachishwa huko. Migogoro mingine, kama mishahara na malimbikizo ukiwa bado kazini, siku 60. Kinachowaua ni "subiri, bosi atakuita." Rufaa ya ndani iliyoandikwa na kujibiwa inahesabika, ahadi ya simu haihesabiki. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, na utatakiwa ueleze kila siku iliyopotea.

Fomu ya kuanzia ni CMA F.1. Sehemu A ni ya mgogoro wenyewe. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, na ndiyo inayouliza kama unapinga sababu, utaratibu, au vyote. Hapa ndipo nasimamisha kalamu na kumuuliza mtu pole pole. Ulipewa tuhuma kwa maandishi? Uliitwa kwenye kikao? Uliruhusiwa kuja na mwenzako? Kijana mmoja wa rampu, kule ndege zinakopakiwa, alifukuzwa kwa ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku. Tuliuchapa ukiwa na namba na saa, ukawa kiambatanisho cha kwanza.

Jina la mwajiri liangalie kwenye mkataba na kwenye michango ya NSSF, usiliangalie kwenye sare. Wengi wamevaa rangi za shirika la ndege huku mwajiri wao ni wakala wa ajira wa Posta au Mikocheni. Ukimshtaki asiye mwajiri, siku 30 zinaisha ukiwa bado unabishana na mtu ambaye hakukuajiri. Na kama shirika ni la umma, muulize mwanasheria kwanza, kwani tangu mwaka 2016 mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Mpelekee mwajiri nakala ya fomu, agonge muhuri, ndipo uipeleke CMA na ushahidi huo. Kufungua hulipii. Unaweza kusimamiwa na chama cha wafanyakazi, wakili, au mtu uliyemchagua. Siku ya usuluhishi fika mapema: mlalamikaji asipotokea, dai linaweza kutupwa, mwajiri asipotokea, msuluhishi anaweza kuliamua bila yeye.

Kuhusu kurudishwa kazini, omba ukitaka, lakini usipange maisha juu yake. Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi 447 mwaka 2012. Mahakama ya kazi ya Nairobi iliamuru warudi, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaitengua amri hiyo. Wakati huo ndege zilikuwa zikiruka na wengine. Kwa hiyo kwenye kipengele cha nafuu huwa naandika pia fidia, notisi, likizo ambayo hukwenda, kiinua mgongo na cheti cha utumishi. Cheti hicho watu hukisahau, na mwajiri wa ndege inayofuata atakiulizia siku ya usaili.