Kuondoa Kutu kwenye Rili Kongwe ya Kuvulia Samaki

Kabla ya kushika siki au brashi, tambua kila kipande kimetengenezwa kwa metali gani, kwa sababu kinachosafisha chuma kinaweza kuharibu kipande kilicho jirani yake. Rili nyingi za zamani (vifaa vya kukunjia mshipi wa kuvulia) huchanganya gia za shaba ya njano, skrubu za chuma na vifuniko vya alumini au eboniti, yaani mpira mgumu. Sumaku itakuonyesha chuma kilipo. Ukungu wa kijani ni dalili ya shaba, na unga mweupe kwa kawaida hutokana na alumini.

Kazi ngumu ni kufungua skrubu. Maji ya chumvi yakipenya kati ya chuma na alumini, alumini ndiyo huliwa, na unga wake huvimba ukaibana skrubu. Tia mafuta ya kulegeza kutu, uache usiku kucha, kisha tumia bisibisi inayojaza mfuo wote wa kichwa cha skrubu, ukianza kwa kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Joto husaidia, lakini lisikaribie eboniti, kwani hata maji ya moto huifubaza. Piga picha kila unapotoa kipande.

Chuma cha kawaida kiloweke katika siki ya asilimia 5 kwa saa chache, ukikikagua mara kwa mara. Kisugue, kisuuze kwa maji yenye soda ya kuokea, kikaushe papo hapo na kukipaka mafuta, la sivyo kutu mpya itaanza siku hiyo hiyo. Springi usiziloweke, kwa kuwa asidi huweza kukifanya chuma kigumu kiwe chepesi kuvunjika. Zisugue kwa mafuta tu. Shaba ya njano ikigeuka ya waridi ndani ya siki, itoe mara moja, maana zinki imeanza kutoka juu yake. Amonia nayo iepuke, kwani huweza kuipasua. Kromu (tabaka la kung'aa juu ya metali) iliyobabuka hairudishwi kwa kung'arishwa, na kwa maoni yangu ni afadhali kuiacha na makovu yake kuliko kuikwangua.

Unapounganisha, paka grisi kwenye gia na kwenye nyuzi za skrubu ili chuma na alumini visigusane tena; kwa beringi, tone la mafuta mepesi latosha. Zungusha mkono wa rili polepole kabla ya kukaza skrubu zote, na gia zikikwaruza, fungua utafute mabaki ya kutu kati ya meno.